SOMO: VISIKI KATIKA SHAMBA LA KAHAWA

Wanachama wengi hukata mti wa kivuli na kukiacha kisiki kioze chenyewe. Hapo ndipo kuvu iitwayo Armilaria hupata riziki: huenea kwa mizizi iliyogusana, hata mibuni ya jirani ikanyauka mmoja baada ya mwingine. Ukibandua gome la mbuni uliokufa, karibu na udongo, utaona utando mweupe wenye harufu ya uyoga.

Kukisaga kisiki kwa mashine, kama wafanyavyo wenye nyumba wa Marekani, hakutoshi hapa, kwani mizizi hubaki. Afadhali mti uvuliwe gome kulizunguka shina, uachwe ufe wima, ndipo ukatwe. Wanga wa mizizini utakuwa umepungua sana. Kisiki cha zamani king'olewe pamoja na mizizi, yote ichomwe. Kazi hiyo ni nzito kwa mtu mmoja. Yafaa chama kiipange kwa zamu.