Kabla ya Upinde, Angalia Miguu

Kijana mmoja wa Gehandu, wilayani Hanang, kaniandikia. Babu yake kamwachia upinde, hamu anayo, ila pesa ya mavuno imeisha kabla ya mwezi. Anataka kujua atapata wapi vifaa vya kuwindia kwa bei ya chini. Nitakujibu, mdogo wangu, ila mpangilio wangu huenda usiupende, maana naanzia miguuni.

Katambuga za tairi tunavaa wote, na kwa safari ya mnadani hazina mpinzani. Porini zinaacha kifundo wazi, na kifutu hana desturi ya kukimbia akisikia hatua. Analala kwenye majani makavu, rangi yake na ya majani ni moja, mpaka umkanyage. Nunua mabuti ya mvua, yale meusi ya kulimia kwenye matope. Ni rahisi kuliko buti za ngozi na yanafunika muundi. Ndani weka soksi nene, la sivyo utarudi umechunika. Ukiumwa na nyoka, mwenzako asikuchanje, asinyonye, wala asikaze kamba. Mguu utulie, ubebwe hadi hospitali yenye dawa. Umeona nimesema mwenzako? Mhadzabe wa Yaeda Chini huenda peke yake mchana kutwa, lakini yeye alianza kushika upinde mdogo akiwa mtoto. Wewe umeanza juzi.

Sasa koti. Kwenye mitumba utaliona lile la mabakamabaka, zito, la bei ya kutupa, na moyo utaruka. Liache hapohapo. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba wasalimishe sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Usiniambie kwamba Ulaya wawindaji wanavaa hivyo. Shati la kahawia lililopauka linatosha kabisa, na lile shuka lako jekundu liache nyumbani siku hiyo.

Tochi chukua, lakini ya kukurudisha nyumbani tu. Kummulika mnyama usiku ili apumbae ni kosa kisheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza hilo pamoja na mitego ya waya, mashimo, sumu na kuwinda kwa mbwa. Najua hapo kwenye mbwa nimewakwaza wengi. Kuhusu waya sina huruma: unaacha kitanzi leo, kesho kimemkaba ndama wa jirani, keshokutwa swala mwenye mimba anaozea pale na hakuna aliyekula.

Tuje kwenye upinde, maana najua ndicho ulichotaka. Hapa penye upinde ndipo penye unafuu wa kweli. Wahadzabe hutengeneza upinde kwa mti wa porini na kamba kwa kano za mnyama. Mshale wa ndege wanauchonga ncha ya mti mtupu, bila chuma. Chuma cha mshale wa mnyama mkubwa wamezoea kukipata kwa wahunzi wa Kidatoga, wanaofua misumari na vyuma chakavu, na malipo yake mara nyingi yalikuwa asali au nyama. Kwa hiyo usikimbilie mjini. Muone mhunzi, mpelekee misumari yako mwenyewe. Upinde wa babu usiuvute kwa pupa. Mti uliokauka miaka yote hiyo huvunjika mkononi na kipande kikakurukia usoni. Upake mafuta, uuvute kidogokidogo kwa siku kadhaa, na kamba ya zamani itupe. Sumu ya mdagu na miti mingine usiiguse. Wahadzabe wana nafasi yao ya kuwindia chakula kwa desturi yao, wewe na mimi hatuna.

Na gobore la kuazima kwa mjomba? Hapana. Silaha isiyosajiliwa inakupeleka rumande hata kama hujaua kware.

Kilichobaki ndicho ghali kuliko vyote, na wengi hukiruka: kibali. Nenda halmashauri, muulize afisa wanyamapori habari ya leseni ya uwindaji wa wenyeji. Muulize mnyama gani anaruhusiwa, eneo gani, msimu upi, na kwa silaha ipi, maana upinde wako huenda usikubaliwe kabisa, na afadhali ulijue hilo ukiwa ofisini kuliko mbele ya askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Msitu wa Mlima Hanang ni hifadhi, usiseme ulidhani ni shamba la kijiji. Akikwambia mwaka huu hakuna, basi hakuna. Hamu ya nyamapori siku hizi inatafutiwa kwenye bucha lenye kibali, kanuni zake zipo tangu 2020. Na mnyama uliyemkuta amekufa porini usimchune hata kama anaonekana mbichi. Kimeta hakichagui mwenye njaa.

Wakati unasubiri jibu, funga mabua ya mahindi yawe mzigo mnene, uegemeze kwenye kichuguu kisicho na njia ya watu nyuma yake, uhesabu hatua ishirini. Ukipiga mara nane katika kumi, niandikie tena. Na uniambie mabuti umeyapata kwa bei gani, maana kaka yangu naye anayatafuta.