Sifa Zizi Likiwa Tupu

Jumatano

Soma Habakuki 1:2-4 na 3:16-19. Nabii anataja hasara zipi, na ni wakati gani anaanza kumshangilia Bwana?

Maneno haya hayahitaji ufafanuzi mwingi kwa mkulima wa Wilaya ya Serengeti ambaye tembo wametoka hifadhini usiku na kumaliza mahindi yaliyokaribia kuvunwa. Wala hayahitaji ufafanuzi kwa familia ya Tarime iliyoamka na kukuta zizi halina kitu. Ng'ombe wale walikuwa ada ya shule, mahari ya kijana na akiba ya siku ya ugonjwa.

Angalia mambo matatu. Kwanza, Habakuki alianza kwa kulalamika. Alimwuliza Mungu atalia hadi lini, na Mungu hakumkemea bali alimjibu. Pili, hakuzificha hasara alizoziona zikija. Alizitaja moja moja: mtini, mzabibu, mzeituni, mashamba, kondoo, ng'ombe. Tatu, aliimba huku midomo ikitetemeka. Wakaldayo walikuwa bado wanakuja. Hakuna kilichokuwa kimebadilika. Furaha yake haikuwa katika mavuno, bali katika Mungu wa wokovu wake.

Kwa hiyo, kumsifu Mungu si kujifanya kwamba hatujaumia. Ni kumweleza hasara yetu yote, kisha kukataa kumwacha.

Hata hivyo, wako wanaobaki nyumbani Sabato ya sadaka ya mavuno kwa sababu hawana cha kupeleka mbele. Wengine wanaogopa kuambiwa kwamba wamepata hasara kwa kukosa imani. Lakini mstari wa mwisho wa Habakuki unaukabidhi wimbo huu kwa mwimbishaji, uimbwe kwa vinanda. Wimbo wa zizi tupu ulipewa nafasi katika ibada ya watu wote. Haukuachwa uwe huzuni ya mtu mmoja nyumbani kwake. Ikiwa ndugu yetu hana nguvu ya kuimba, kanisa na liimbe pamoja naye na kwa niaba yake. Na Sabato ikiisha, limpelekee debe la mahindi.

Katika kanisa lako, ni nani hajaonekana tangu alipopata hasara? Utamtembelea lini, na utabeba nini mkononi?