Somo: Visi ndogo za pompe ya klore

Mwaka 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Goma, na katika Kivu ugonjwa huo ungali unarudi. Pompe ya mugongoni ya kunyunyizia klore inatusaidia kuua vijidudu vyake. Lakini klore inakula chuma. Visi moja ndogo ikiisha kwa kutu, pompe inapoteza nguvu, ao klore inamumwangikia mwenye kuibeba.

Namna ya kubadili visi:

1. Toa kwanza hewa yote ya ndani. Mwaga klore, kisha suuza pompe kwa maji safi.

2. Panga visi juu ya kitambaa cheupe. Ile inayoanguka katika matope hautaiona tena.

3. Visi mpya ilingane na ya zamani kwa unene, urefu na meno. Ukituma mutu Goma kuinunua, umupe ya zamani aende nayo.

4. Chagua inoksi. Jaribu na sumaku ya spika ya redio: chuma cha kawaida kinashikwa kwa nguvu, inoksi nyingi haishikwi.

5. Anza kukaza kwa vidole. Ikikataa, usiilazimishe kwa turnevisi, plastiki itapasuka.

6. Jaribu pompe kwa maji matupu kabla ya kutia klore.

Hapana kufunga na musumari ao waya. Suuza pompe kila jioni.

Ulizo: Kwenu, nani anatunza visi za akiba?