Sadaka ya Mtoto Aliyetangulia

 

Ndugu yetu mmoja, asili yake Mombasa, akaaye Nairobi katika mtaa wa Shauri Moyo, ametuletea suali darasani. Amefiwa na mwanawe wa kiume wa miaka 6 kwa maradhi ya saratani. Yeye na mkewe walikuwa wameweka akiba ya matibabu, na mtoto akafariki ikiwa imebaki Sh. 90,000. Sasa jamaa wataka fedha zile zifanyiwe karamu ya arubaini. Baba ataka kuzitoa zisaidie uchunguzi wa maradhi yale, ili mtoto wa mtu mwengine apate kupona. Mama naye asema: "Tusipowalisha watu, watanena kuwa mwanangu tumemtupa." Baba auliza: Je, alitakalo lafaa katika dini? Na je, lina faida, au ni mali kutiwa baharini?

Suali hili lina pande mbili, upande wa dini na upande wa dunia. Tutazijibu zote mbili inshallah.

Upande wa dini

Kwanza, machozi ya wazazi si kosa. Mtume s.a.w. alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, naye alikuwa mtoto mchanga. Siku ile jua lilipatwa, watu wakadhani limepatwa kwa ajili ya kufa kwake. Mtume akaikataa dhana ile, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Tazameni basi: katika msiba wake mwenyewe hakuacha kuwatoa watu katika ujinga. Huzuni haikumzuia na ilimu.

Pili, ama karamu, Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Mtume aliwaamrisha watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Hii ndiyo sunna: jirani ampikie mfiwa. Sisi tumeigeuza, mfiwa ndiye awapikiaye majirani, na pengine hukopa ili asisemwe. Basi aibu, kama ipo, si ya mama huyu. Ni yetu sisi tumngojeao atupakulie.

Tatu, kumtolea sadaka aliyekufa ni jambo lenye asili madhubuti. Saad bin Ubada alifiwa na mama yake, akamuuliza Mtume kama sadaka itamfaa; alipojibiwa kuwa itamfaa, akaitoa shamba lake kwa ajili yake. Kadhalika tumefundishwa kuwa mtu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, ilimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Mtoto huyu hana dhambi ya kufutiwa. Lakini wazazi wake wangali hai, nao ndio wahitaji wa amali. Na mali itolewayo ili maradhi yajulikane na yatibiwe yakusanya mambo mawili katika yale matatu, sadaka na ilimu.

Nne, tusichanganye zaka na sadaka. Zaka ina watu wake 8 waliotajwa katika Kurani. Mtoto maskini alazwaye bila ya fedha za dawa, wazazi wake waweza kupewa zaka kwa ufukara wao. Ama kazi ya uchunguzi, salama ni kuitolea sadaka au wakfu, wala tusiwapunguzie mafakiri haki yao.

Upande wa dunia

Wako wasemao: saratani ni kudura, uchunguzi utafaa nini? Twawajibu: njaa nayo ni kudura, na bado twalima. Mtume ametufundisha kuwa Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, na dawa iliyofichika hutafutwa.

Wala mfano hauko mbali. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili. Baada ya muda mchache akaona mwengine wa namna ile huko Jinja. Hakusema "ndivyo ilivyoandikwa" akaenda zake. Alipekua madaftari ya hospitali, akaandika habari zake mwaka 1958, akawapelekea madaktari wa Afrika barua zenye picha akiwauliza kama wameona uvimbe ule. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kiasi cha maili 10,000 katika muda wa wiki 10, wakienda hospitali hadi hospitali. Wakabaini kuwa maradhi yale hukaa penye joto na mvua, ambapo malaria ni nyingi. Mwaka ule ule Burkitt alitoa hotuba London, akasikilizwa na Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Mwaka 1967 ikaanzishwa Kampala taasisi ya saratani, ambayo hata leo yafanya kazi. Uvimbe ule, ambao hukua upesi mno, leo ni katika saratani zinazoponyeka kwa dawa, mtoto akiwahiwa.

Dawa nyingine ya saratani ya damu ya watoto, iitwayo vinkristini, imetolewa katika mmea wa asili ya kisiwa cha Bukini, ndio Madagaska, wenye maua ya rangi ya waridi, uotao hata katika nyua zetu za pwani. Tulikuwa twaupita kila asubuhi, na aliyeuchunguza ni mwengine.

Matokeo ya juhudi hizi ni nini? Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kimaskini hawafiki 30. Mungu wao na wetu ni mmoja. Tofauti ni ilimu, dawa na kuwahi.

Na ambao wamegeuza msiba kuwa manufaa wako. Marekani mtoto Alexandra Scott, aliyekuwa na saratani, alianza mwaka 2000 kuuza maji ya ndimu ili kuchangia uchunguzi. Alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 8, na wazazi wake wakaiendeleza kazi ile. Cairo iko hospitali ya saratani ya watoto, iliyofunguliwa mwaka 2007 na kujengwa kwa michango ya watu; jina lake, 57357, ni nambari ya hesabu ya benki watu walimotia sadaka zao. Na katika mji huo huo Sultani Qalawun alijenga hospitali kwa wakfu mwaka 1284, ikitibu na kufundisha udaktari. Basi jambo hili si la kuiga wageni, ni letu tulilolisahau.

Hukumu yetu

Baba alitakalo lafaa, lakini kwa masharti. Deni la hospitali, likiwapo, litangulie. Akiba ni ya watu wawili, basi fungu la mama lisitolewe ila kwa ridhaa yake. Kabla ya kutoa, waulize kwa maandishi: fedha zitafanya kazi gani, nani mwenye dhamana, na hesabu itaonekana lini. Na wasidharau uchache: uchunguzi si darubini peke yake, ni karatasi na kalamu pia. Daftari ya saratani ya Nairobi, iliyo chini ya KEMRI, ni kazi ya kuandika tu, na bila ya kuhesabu wagonjwa hakuna ajuaye pa kuanzia. Wakijumuika wafiwa wa Pumwani, Kaloleni na Eastleigh, yaweza kuwekwa wakfu, mali yenyewe ikazuiliwa na faida yake ikatumika, kama alivyofanya Sayyidna Umar kwa ardhi yake ya Khaibar.

Ama mama, tumemfahamu. Siku ya arubaini wanafunzi wa darasa hili watapika majumbani mwao na kumpelekea chakula, wamwombee mwanawe, na asiwepo wa kumnena.

Na kila mzazi asomaye azingatie: mtoto akivimba taya au tumbo, aking'aa weupe katika mboni ya jicho, akipauka na kuwa na homa isiyokwisha au kuvilia damu bila ya kugongwa, apelekwe hospitali wiki ile ile, asizungushwe kwa waganga wa ramli. Katika maradhi haya siku zina thamani kuliko fedha.

Mungu awape subira waliofiwa, na aijaalie sadaka yao kuwa shifaa kwa watoto wa wenzao. Amin. Wassalaam.