Kidonda Kinapotoa Usaha: Kwa Nini Maabara Huhitaji Siku Mbili Tatu

Mtu aliyeungua mguu kwa ekzosi ya bodaboda mara nyingi hupitia kwanza duka la dawa. Hununua kapsuli chache za antibiotiki, humeza mbili tatu, nyingine huifungua na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Akifika hospitalini baadaye kidonda kikitoa usaha, dawa hizo huenda zimeshavuruga kipimo: zimewazuia bakteria kuota maabarani, ilhali hazijawamaliza mguuni.

Sampuli nzuri huanza kwa kuosha. Muuguzi husafisha kidonda kwa maji safi ya chumvi, kwani usaha wa juu unaweza kubeba vijidudu vya kawaida vya ngozi visivyohusika na ugonjwa. Kisha huzungusha kijiti chenye pamba kwenye nyama safi, eneo la sentimita 1 mraba, kwa sekunde 5, akikandamiza hadi majimaji yatoke. Huuma, lakini kugusagusa juu juu ni kazi bure. Kipande kidogo cha nyama ya kidonda, kikipatikana, ni bora zaidi.

Maabarani, sampuli hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi kwa mbinu iliyobuniwa na Mdenmaki Hans Christian Gram mwaka 1884. Chini ya hadubini, bakteria wengine huonekana zambarau, wengine pinki. Vidoa vya zambarau vilivyoshikana kama kichala cha zabibu humfanya mtaalamu ashuku stafilokokasi. Jibu hili la mwanzo hupatikana siku hiyo hiyo.

Yanayobaki hayaharakishwi. Sampuli hupandwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37 usiku kucha. Wakishaota na kutambuliwa, hupandwa tena pamoja na vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Kesho yake, mtaalamu hupima kwa milimita duara tupu lililozunguka kila kidonge. Pasipo duara, dawa hiyo haifui dafu.

Si kila kidonda kinachohitaji kipimo hiki. Kidonda chochote kilicho wazi huwa na bakteria. Kinachopona vizuri kiachwe kipone. Kinachovimba, kupata joto, kunuka au kuandamana na homa ndicho cha kupelekwa haraka, hasa kwa mgonjwa wa kisukari.

Anayekwenda kutolewa sampuli amweleze mhudumu kila dawa aliyotumia, hata ule unga wa kapsuli. Pakiti ikiwapo, aibebe.