Kusoma Tangazo la Marubani Wanaokwenda Kisangani

Uwanja wa Bangboka, mashariki mwa Kisangani, una njia moja tu ya kurukia na kutua ndege, yenye urefu wa mita 3,500. Ikifungwa hiyo, hakuna nyingine. Rubani anayetoka Kinshasa, umbali wa kilomita zipatazo 1,200, hawezi kusimama juu ya msitu akasubiri ifunguliwe. Ndege haianguki kwa sababu mabawa yake yanaikata hewa kwa kasi, na kasi hiyo hulipiwa kwa mafuta. Kwa hiyo habari ya kufungwa lazima imfikie kabla hajapanga abebe mafuta kiasi gani na ageukie wapi mambo yakiharibika.

Ramani na vitabu vya marubani hurekebishwa kwa mzunguko wa siku 28. Lakini taa huungua leo, na lami hupasuka usiku wa kuamkia kesho. Jambo la muda, au lisiloweza kungoja mzunguko huo, hutangazwa kwa NOTAM, yaani tangazo fupi kwa marubani. Huu hapa mfano niliotunga kwa ajili ya somo:

Q) FZZA/QMRLC/IV/NBO/A/000/999/0029N02520E005
A) FZIC B) 2609140600 C) 2609141000

FZZA ni anga inayoongozwa kutoka Kinshasa. FZIC ni Bangboka. Katika QMRLC, herufi MR ni njia ya kurukia, LC ni kufungwa. Tarakimu za mwisho wa mstari wa Q zinataja mahali: dakika 29 kaskazini mwa ikweta, nyuzi 25 na dakika 20 mashariki, na nusu kipenyo cha maili 5 za baharini kutoka hapo, karibu kilomita 9.

Sasa twende polepole, maana hatari kubwa imo kwenye saa. B ni mwanzo, C ni mwisho. Soma mbili-mbili: mwaka 26, mwezi wa 09, tarehe 14, saa 0600. Saa hiyo si ya Kisangani, ni UTC, saa ya pamoja inayotumiwa na marubani wa dunia nzima. Kisangani imeitangulia kwa saa mbili, hivyo 0600 ni saa mbili asubuhi, na 1000 ni saa sita mchana. Anayedhani 1000 ni saa ya Kisangani ataamini uwanja unafunguliwa saa nne asubuhi. Atafika saa tano na kukuta mitambo ikiwa kazini katikati ya njia.

Ukiona EST baada ya C, mwisho huo ni makadirio tu. Usiutegemee mpaka tangazo jingine litoke.

Kupokea tangazo hakutoshi. Tarehe 7 Julai 2017, mjini San Francisco, ndege ya Air Canada ilikaribia kutua juu ya ndege nne zilizopanga foleni. Njia ya kurukia iliyo jirani na ile iliyopangiwa ilikuwa imefungwa na taa zake zimezimwa, na tangazo lilikuwamo katika karatasi za marubani, ndani kabisa. Naona kosa liko pia kwa anayelifukia onyo kubwa chini ya madogo.

Jipime: weka FZAA, yaani N'djili ya Kinshasa, mahali pa FZIC. Kinshasa imeitangulia UTC kwa saa moja tu, kwa hiyo njia itafungwa tangu saa moja hadi saa tano asubuhi.