Shilingi Isiyo na Senti

Watu wa Bumala wakisikia kwamba kijana wa mama wa ndizi analipwa vizuri kwa kazi ya kompyuta, na bado anaamka hapa hapa kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, hushuku moja kati ya mambo mawili: ama ni tapeli wa mtandaoni, ama ana mtu wake serikalini. Sina mtu serikalini. Nina miaka mingi ya kuhamisha taarifa kutoka hapa kwenda pale, kwanza kwa miguu, kisha kwa programu. Haya ndiyo niliyojifunza njiani. Sikuyapanga kwa uzito wake. Nimeyapanga jinsi yalivyonipata.

1. Kompyuta ilininyang'anya kazi kabla ya kunipa nyingine

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2008, na mwaka uliofuata nikawa karani katika ofisi ndogo ya wakala wa forodha pale Busia. Mshahara ulikuwa shilingi 8,000 na chai ya saa nne. Dereva wa trela analeta karatasi, mimi nahakikisha namba ya kontena, uzito na lakiri vinalingana na yaliyomo kwenye Simba, mfumo wa forodha wa Kenya wa wakati huo, ulioanza kutumika mwaka 2005. Kisha nachukua bahasha, navuka lango, namkabidhi karani mwenzangu wa upande wa Uganda, naye anaketi kuyaandika upya yale yale, herufi kwa herufi, ndani ya Asycuda, mfumo wao. Mifumo hiyo miwili ilikuwa kama majirani wasiosalimiana. Waya kati yao ulikuwa sisi wawili na bahasha ya kaki.

Mwaka 2014 likaja Eneo Moja la Forodha la Afrika Mashariki. Ushuru wa mzigo wa Kampala ukawa unalipwa mzigo ungali Mombasa, maofisa wa Uganda wakapewa meza bandarini, na taarifa zikaanza kutangulia trela badala ya kuifuata. Magari yaliyokuwa yakilala Malaba, mpaka wa jirani, siku nenda siku rudi yakaanza kupita. Ofisi nyingi za mawakala huku mpakani zikakosa kazi, na yetu ikafungwa. Sikuweza hata kukasirika vizuri, maana nilikuwa nimeona foleni zile na madereva waliokuwa wakipika ugali chini ya trela. Kilichobaki kunikereketa ni swali moja: kuna mtu mahali fulani aliyeigeuza bahasha yangu kuwa programu. Yeye analipwa ngapi?

2. Pesa iko katikati

Neno boda boda lilizaliwa huku kwetu. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia waliwavusha wasafiri kwa baiskeli, kutoka lango la Kenya hadi lango la Uganda, wakiita "boda, boda!" Mwenye baiskeli hakumiliki Kenya wala Uganda. Alikuwa bwana wa kile kipande cha katikati ambacho basi halikufika na mtu mwenye mizigo hakutaka kukitembea.

Nilipoanza kuulizia kazi za teknolojia, kila mtu aliniambia nijifunze kutengeneza tovuti. Nilijifunza, na nikakuta foleni ndefu kuliko ya Malaba. Tovuti ya shule, tovuti ya kanisa, tovuti ya hoteli. Bei inashuka kila mwezi kwa sababu kila anayejua kidogo anaweza kuitengeneza. Ilinichukua muda kuona kwamba wanaolipwa vizuri walikuwa mahali pengine, pasipoonekana kwenye skrini. Kuna wahandisi wa malipo, wanaounganisha benki, M-Pesa na mitandao ya ng'ambo. Kuna wahandisi wa data, wanaochota taarifa kutoka mifumo kumi isiyopatana na kuzifanya zisomeke mahali pamoja. Kuna walinzi wa seva, ambao kazi yao ni kuhakikisha mfumo hauanguki, na ukianguka uinuke kabla mteja hajapiga simu. Kuna watu wa usalama wa mitandao. Siku hizi kuna hata maofisa wa ulinzi wa data, kwa sababu Kenya na Uganda zote mbili zilitunga sheria zao mwaka 2019, na kampuni inayofanya kazi pande zote inahitaji mtu anayejua jina la mteja likivuka mpaka limevuka chini ya sheria ipi.

Wote hao ni watu wa katikati. Mimi nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miaka mitano bila kujua ina jina.

3. Kuwa mtandaoni hakumaanishi uko juu

Hapa niseme wazi, maana vijana wengi wa Busia wamepotezewa muda. Serikali ilipozindua mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, tulielewa kwamba kazi yoyote ya kompyuta ni kazi nzuri. Nilijaribu: kunakili sauti kuwa maandishi, kutia alama kwenye picha za magari na nguzo za taa ili mashine zijifunze kuona. Wiki moja nilipata hela ya unga, wiki nyingine sikupata kitu.

Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliosoma maandishi ya kutisha na kuyatia alama kwa ajili ya OpenAI, kupitia kampuni ya Sama. Mikononi mwao zilifika kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Mkataba wenyewe ulitaja dola 12.50 kwa saa. Sama ilieleza kuwa kiasi hicho kilibeba gharama nyingine pia. Niliposoma tarakimu hizo sikushtuka kama walivyoshtuka Wazungu. Niliziona kwa jicho la mtoto wa mpakani: hii ni bei ya kununulia, hii ni ya kuuzia, nani amesimama hapo kati? Na Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kazi kama hizo, ilipofunga shughuli zake Kenya, watu waliamka asubuhi wakakuta akaunti haifunguki. Hakuna kiinua mgongo.

Siwacheki waliofanya kazi hiyo. Nasema tu kwamba ukiweza kutumia jioni mbili kwa wiki kujifunza jinsi zile alama zinavyohifadhiwa, zinavyokaguliwa na zinavyosafirishwa, utakuwa unatazama ngazi inayofuata.

4. Lugha ya kwanza iwe ya daftari

Nilipoachana na tovuti, sikuanza na Python. Nilianza na SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, katika saiba ya Bumala, shilingi moja kwa dakika na umeme ukipenda. Niliichagua kwa sababu inafanana na kazi ya karani: nipe mizigo yote iliyofika Jumanne ambayo lakiri zake hazijakaguliwa. Kwa miezi sita sikujifunza kitu kingine. Hadi leo, nikimhoji mtu kwa kazi, simuulizi anajua lugha ngapi za programu. Nampa majedwali mawili yasiyolingana na kumwambia atafute kwa nini.

Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mlango unaoruhusu programu ya mtu wa kawaida kuzungumza na M-Pesa. Nikaunganisha malipo ya sacco moja ya waendesha boda boda. Wiki ya pili, mwanachama mmoja akaonekana ameweka akiba maradufu. Kumbe taarifa ya malipo yake ilikuwa imefika mara mbili, nami sikuwa nimeiambia programu ikumbuke namba ya risiti iliyokwisha kuipokea. Mweka hazina aliniita mbele ya wanachama. "Kijana, hii mashine yako inatuzalia pesa?" Walicheka sana. Mimi sikucheka. Lakini kila mahojiano ya kazi niliyofanya tangu hapo, nimesimulia kosa hilo, na limenipatia kazi mara nyingi kuliko cheti chochote.

5. Nilichojua tangu utotoni ndicho kilichonunuliwa

Mama alikuwa akinunua ndizi soko la Sofia, upande wa Busia ya Uganda, na kuziuza Bumala. Kiunoni alifunga mifuko miwili: wa kulia shilingi za Kenya, wa kushoto za Uganda. Daftari lake lilikuwa na safu mbili. Nikiwa darasa la nne nilijua kwamba shilingi moja ya huku inapata ishirini na kitu za kule, kutegemea siku na kutegemea sura ya mbadilishaji. Nilijua pia kitu ambacho sikujua kwamba ninakijua: kule hakuna senti.

Mwaka 2019 niliitwa Nairobi kuhojiwa na kampuni iliyokuwa ikiwatumia madereva wa malori posho ya njiani, Kenya na Uganda. Chumba kilikuwa na baridi ya mashine, na wenzangu wawili waliokuwa wakingoja walikuwa na shahada. Tulipewa tatizo la kweli. Madereva wa upande wa Kenya wanapokea sawasawa. Wa upande wa Uganda wanalalamika: aliyepaswa kupata 50,000 amepata 500. Mtandao uko sawa, hesabu ya jumla iko sawa. Tafuta.

Wataalamu wa malipo hawaandiki pesa kwa nukta. Wanaihifadhi kwa kipande chake kidogo kabisa, ili mashine isikosee kwenye desimali. Shilingi 1,500 za Kenya huandikwa 150000, yaani senti, kisha wakati wa kutuma zinagawanywa kwa 100. Niliitazama ile 500 kwa muda. 500 ya Uganda, nikawaza, hiyo ni chapati, tena kavu. Nikauliza: "Huyu aliyeandika programu, alifikiri Uganda kuna senti?"

Kimya. Kisha mmoja wa wahojaji akafungua orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217. Shilingi ya Kenya: tarakimu mbili baada ya nukta. Shilingi ya Uganda: sifuri. Mfumo wao ulikuwa umehifadhi 50,000 kama 50,000, ilivyostahili, kisha ukaigawanya kwa 100 kama ya Kenya. Jina ni shilingi huku, shilingi kule, nani angeshuku?

Nilipata kazi. Wakaniuliza nataka mshahara gani. Nikataja 60,000, na mhojaji akakubali upesi mno, kwa tabasamu ambalo Mama angelitambua akiwa ng'ambo ya barabara. Miezi minne baadaye nikajua aliyekaa dawati la pili, kazi ile ile, anapata maradufu. Ndizi nisingeziuza hivyo. Kabla ya kutaja bei unazunguka soko. Mimi niliingia Nairobi nikataja bei bila kuuliza mtu hata mmoja.

6. Dola nayo ina msimu

Tangu 2022 ninafanyia kampuni ya nje kwa mkataba na ninalipwa kwa dola. Hapa ndipo watu hutaka nitaje tarakimu. Sitataja, ila mshahara wa mwaka wangu mzima wa ukarani sasa naupata kabla ya mwezi kufika katikati.

Wasichokiuliza ni Januari 2024. Dola ilikuwa karibu shilingi 160, na nilijiona tajiri, nikaanza kujenga. Katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Mshahara haukubadilika hata dola moja, lakini fundi alikuwa akidai shilingi. Nilipomlalamikia Mama aliniuliza nilikuwa nikiziweka dola za nini. "Ndizi zinaiva usiku," akasema, na akarudi kwenye shughuli zake. Sasa nina mifuko miwili kama yeye: pesa ya matumizi ya huku naibadilisha siku inapoingia, ya akiba naiacha ilivyo. Mtu wa mkataba pia hana mwajiri wa kumkatia kodi wala bima. Fungu la kodi liondoe kwanza, maana siku ya kulipa hufika hata kama ulikula.

7. Unalipwa kwa kuamshwa

Hili ni fupi. Kila wiki ya tatu, simu yangu ndiyo inayolia mfumo ukikwama. Saa nane usiku, trela zikishuka gia pale njiapanda, mimi niko mezani natafuta kwa nini malipo 40 yamening'inia. Mke wangu alidhani mshahara ni wa kuandika programu. Nilimwambia kuandika ni sehemu ndogo. Kubwa ni mtu wa kulaumiwa kuwepo. Huku mpakani kuna tatizo la ziada: simu ikihamia mnara wa Uganda, inanikaribisha nchi ya pili nami niko kitandani, na onyo la seva linachelewa. Nina laini mbili na intaneti ya waya, na hata hivyo siku za mvua silali vizuri.

8. Mpwa wangu

Mtoto wa dada yangu amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea akili mnemba, kwa sababu amesikia huko ndiko pesa iliko. Huenda. Sikumkataza. Nilimpa kompyuta yangu ya zamani na madaftari ya nyanya yake, yote, ya tangu miaka ya tisini, yanayonuka utomvu wa ndizi, nikamwambia ayaingize kwenye majedwali ili nijue biashara ile ilikuwa ikipata au ikipoteza.

Siku ya kwanza alimaliza kurasa thelathini na kuniambia kazi ni rahisi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akaja na daftari mkononi, kidole kikiwa katikati ya ukurasa.

"Mjomba, hapa nyanya ameandika 3,000. Ni za wapi?"